KILA TONE LA DRIPU LINA HESABU YAKE

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa ukamkuta amelala, mkono umenyooshwa na kubandikwa plasta, na juu yake, kwenye chuma kirefu, umetundikwa mfuko wa maji yanayodondoka tone baada ya tone. Na uliporudi nyumbani, majirani walipokuuliza habari zake, ulijibu kama tunavyojibu sote: "Hajambo kidogo, ametundikiwa dripu." Jibu hilo hututuliza. Kwetu sisi dripu ni ushahidi kwamba mgonjwa anashughulikiwa, na yule asiyetundikiwa kitu huonekana kana kwamba amesahauliwa.

Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na mawazo hayo hayo mpaka jioni moja, katika wodi ya watoto ya hospitali ambayo hakuna haja ya kuitaja. Nilikuwa nimekwenda kumwona mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, aliyelazwa kwa homa ya mapafu na ambaye hakuweza kunyonya wala kumeza uji. Shangazi yake, mama mwenye huruma nyingi na haraka nyingi zaidi, aliutazama mfuko ule akaona bado una maji zaidi ya nusu, na saa ya wageni kutoka imekaribia. "Maji yenyewe yamelala," alisema. "Mtoto atapata nguvu lini?" Akanyoosha mkono, akakisukuma kile kigurudumu kidogo cha plastiki kinachobana mrija. Matone yakageuka mchirizi.

Muuguzi aliyekuwa kitanda cha tatu kutoka pale aliacha alichokuwa akikifanya, akaja mbio, akaubana mrija. Hakugomba. Kwanza alimfunua mtoto kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima. Aliporidhika ndipo alipomgeukia shangazi. "Mama," alisema, "haya si maji. Hii ni dawa, tena ina kipimo."

Nilidhani anatia chumvi. Kumbe chumvi ilikuwa imekwisha tiwa kiwandani, na kwa mizani.

KILICHOMO MFUKONI

Hebu tuanze na mfuko wenyewe. Maji ya chumvi yanayotumika sana mahospitalini yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, kiasi kilichochaguliwa ili chembe za damu zisinyauke wala zisivimbe zinapokutana nayo. Yapo pia maji ya Ringer, yaliyopewa jina la mganga wa Uingereza aliyeanza kuyachanganya katika miaka ya 1880, ambayo pamoja na chumvi ya kawaida yana potasiamu na kalisi kidogo. Aina yake itumikayo zaidi siku hizi imeongezwa laktati. Halafu kuna maji ya sukari, ambayo katika lita moja hubeba gramu 50 za glukosi.

Hapo pana jambo la kuwaambia wale wanaoamini kwamba dripu ni chakula. Mfuko wa nusu lita wa maji hayo ya sukari una gramu 25 tu, yaani vijiko vitano au sita vya chai. Bakuli la uji mzito lililotiwa maziwa na sukari humshibisha mgonjwa zaidi. Na kama dripu si chakula, si damu pia. Aliyepungukiwa damu hawezi kuongezewa kwa maji ya chumvi. Damu yake chache itazimuliwa tu, kama mchuzi ulioongezwa maji wageni wanapozidi.

Sasa tumrudie mtoto wetu. Alikuwa na kilo 10. Mtoto wa uzito huo ana damu ipatayo mililita 80 kwa kila kilo, yaani mililita 800 katika mwili mzima, kasoro ya lita moja. Mfuko uliotundikwa juu yake ulikuwa wa nusu lita. Lau kigurudumu kingeachwa wazi, na mfuko mzima ukaingia katika muda mfupi, ingekuwa ni kumwongezea mtoto maji yanayozidi nusu ya damu yake yote, na huyo ni mtoto ambaye mapafu yake tayari yalikuwa yanahangaika. Moyo husukuma kile unachopewa. Ukipewa kupita uwezo wake, maji hurudi nyuma, huvuja ndani ya mapafu, na mgonjwa huanza kuhema kama mtu anayezama, ilhali amelala kitandani pakavu.

MATONE KUMI NA MANNE

Nilimwomba muuguzi yule anieleze kigurudumu kilikuwa kimewekwa wapi na kwa nini. Alichukua kalamu, akaandika nyuma ya boksi tupu la mipira ya mikono hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anaweza kuifuata.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Holliday na Segar, walitangaza kanuni ya kukadiria maji ambayo mtoto aliyelala hospitalini anahitaji kwa siku ili tu mwili wake ujiendeshe. Kilo 10 za mwanzo hupewa mililita 100 kila moja. Kilo 10 zinazofuata hupewa 50 kila moja. Zinazozidi hapo, 20 kila moja. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 1,000 kwa saa 24. Wa kilo 15 anahitaji 1,250. Wa kilo 22 anahitaji 1,540. Waganga wengi wanaitumia kanuni hiyo hadi leo kwa upande wa kiasi. Kwa upande wa aina ya maji mambo yamebadilika: maji yenye chumvi chache yaliyotumika kwa miaka mingi yaligundulika kuwa yanaweza kupunguza chumvi ya damu, ubongo ukavimba na mtoto akapata degedege. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba watoto wengi wanaopewa maji ya kujiendesha wapewe yale ambayo chumvi yake inakaribiana na ya damu, yakiwa yametiwa glukosi.

Mililita 1,000 ukizigawa kwa saa 24 unapata kama 42 kwa saa. Lakini muuguzi haoni mililita, anaona matone. Hapo ndipo mrija unapoingia katika hesabu. Pakiti ya mrija huandikwa ni matone mangapi yanayotimiza mililita moja. Mirija mingi ya kawaida ni matone 20, mingine 15, na ile ya matone madogo, inayofaa kwa watoto wachanga, ni 60. Kwa mrija wa matone 20, mililita 42 kwa saa ni matone 840 kwa saa, na ukigawa kwa dakika 60 unapata matone 14 kwa dakika. Kwa mrija wa matone 60, mtoto yule yule na maji yale yale, ni matone 42 kwa dakika. Fikiria basi muuguzi aliyechoka, saa tisa za usiku, anayebadilisha mrija wa aina moja kwa wa aina nyingine na kuendelea na hesabu ya zamani. Mtoto atapata theluthi moja ya haki yake, au atapata mara tatu.

Kwa mwendo wa matone 14, mfuko wa nusu lita huchukua karibu saa 12. Yale maji ambayo shangazi aliyaona "yamelala" yalikuwa yakitembea kwa mwendo wake halali.

KITANDA CHA PILI

Usije ukaondoka hapa, msomaji, ukidhani kwamba polepole ndiyo salama siku zote. Chukua mtoto mwingine wa kilo 10, mwenye zaidi ya mwaka mmoja, aliyeletwa kwa kuharisha tangu jana: macho yamedidimia, hana nguvu hata ya kunywa, na ngozi ya tumbo ukiifinya hurudi taratibu sana. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto huyo, maadamu hana utapiamlo mkali, ni mililita 100 kwa kila kilo: 30 katika nusu saa ya kwanza na 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa kilo 10 hiyo ni mililita 300 kwa dakika 30, kisha 700. Kwa maneno mengine, mtoto wa kitanda hiki anapewa kwa saa tatu kile ambacho mwenzake wa kitanda cha jirani anapewa kwa mchana na usiku kucha. Ukimpa huyu matone 14 kwa dakika, atakufa kwa kiu akiwa ametundikiwa dripu.

Watoto hao wana uzito mmoja, na mfuko wa kila mmoja huonekana sawasawa na wa mwenzake ukiutazama kutoka mlangoni. Tofauti imo katika swali ambalo mganga alijiuliza kabla ya kuandika: je, huyu amepoteza maji ninayopaswa kuyarudisha, au anahitaji tu ya kumwendesha mpaka aweze kunywa? Na kama amepoteza, ni kiasi gani, na bado anaendelea kupoteza?

Swali hilo lina umri wa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoenea Scotland, mganga mmoja wa mji wa bandari wa Leith, Thomas Latta, alithubutu jambo ambalo wenzake wengi waliliona ni wazimu: kumtilia mgonjwa maji ya chumvi moja kwa moja katika mshipa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee ambaye tiba nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Latta alimtilia kidogo kidogo asione badiliko lolote, mpaka pumzi ikaanza kutulia, uso uliokuwa umenyauka ukajaa, mapigo yaliyokuwa yamepotea yakarudi, na yule mama akasema mwenyewe kwamba hana tena taabu. Latta alikwenda kupumzika kidogo, akamwacha mikononi mwa mganga wa hospitali. Kuharisha na kutapika kukarudi, maji hayakuendelezwa, na kwa muda wa saa tano na nusu mama yule akafariki.

Wengi hulisimulia tukio hilo kama ushindi wa sayansi, na kweli ni ushindi. Mimi hunisumbua ile saa ya kupumzika. Hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi, na mgonjwa aliitikia. Lakini hesabu ya dripu haifanywi mara moja. Hali ya mgonjwa hubadilika, na kilichoandikwa asubuhi kinaweza kuwa kosa ifikapo adhuhuri.

FUNZO LA MUHEZA NA KILIFI

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono na miguu imekuwa ya baridi, apewe maji mengi kwa mkupuo ili kuujaza mfumo wa damu. Katika nchi zenye wodi za wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia ilionekana ni jambo lisilo na ubishi. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo kwa watoto wa huku kwetu, wenye malaria kali na upungufu wa damu, katika hospitali zisizo na mashine hizo.

Lilipimwa hapa Afrika Mashariki. Watoto 3,141 walishirikishwa katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Utafiti huo, ulioitwa FEAST na kuongozwa na Profesa Kathryn Maitland, haukuwahusisha watoto wenye kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Wote walipewa dawa zao za malaria na za vijidudu, na waliohitaji damu waliongezewa. Baadhi yao walipewa maji kwa mkupuo, ya chumvi au ya albumini, na wengine wakapewa maji ya kuwaendesha tu, polepole.

Mwezi Januari mwaka 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya kutimia idadi iliyokusudiwa, kwa ushauri wa kamati iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto. Katika saa 48 za mwanzo, waliofariki miongoni mwa waliopewa mkupuo walikuwa asilimia 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa maji ya chumvi. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa mkupuo walikuwa asilimia 7.3. Katika kila watoto mia moja, tiba iliyotazamiwa kuokoa iliongeza vifo vitatu.

Matokeo hayo yaliwashtua hata waliofanya kazi yenyewe. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa vifo vingi vya ziada havikutokana na mapafu kujaa maji, bali na mzunguko wa damu kuporomoka baadaye. Ndiyo kusema mtoto angeweza kuonekana amepata nafuu katika saa ya kwanza, mikono imepata joto, jamaa wamefarijika, kisha hali ikageuka. Naliandika hili kwa fahari kiasi, kwa sababu ni watoto na wazazi wa Muheza, Kilifi na Uganda waliofanya waganga wa dunia nzima wairudie upya hesabu yao.

KARATASI YA MAAGIZO

Kwa hiyo mganga anapoandika dripu, hapana budi aandike kama anavyoandika dawa nyingine yoyote. Kuandika "dripu lita mbili" hakutoshi. Inatakiwa ijulikane ni maji ya aina gani, kiasi gani, kwa saa ngapi, matone mangapi kwa dakika, na mgonjwa atapimwa upya saa ngapi. Yote hayo yanategemea uzito, na uzito hupatikana kwa mizani. Mtoto aliyekadiriwa kwa macho kuwa na kilo 14 kumbe ana 10 atazidishiwa kila kitu, dripu na dawa pia.

Watu wazima nao wana hesabu yao, ingawa husahauliwa zaidi kwa kuwa miili yao huvumilia. Mtu mzima asiyeweza kunywa huhitaji kama mililita 25 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, lita moja na nusu hadi moja na robo tatu hivi, pamoja na kufidia anachotapika au kinachotoka kwa mpira. Lakini ipo desturi ya kuandika lita moja kila saa nane, usiku na mchana, kwa kila mtu. Ikiwa lita hizo tatu zote ni maji ya chumvi, mgonjwa amepewa gramu 27 za chumvi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima mwenye afya asile hata gramu 5. Mzee mwenye moyo dhaifu, mwenye ugonjwa wa figo, au mama mjamzito mwenye presha na dalili za kifafa cha mimba hawezi kubeba mzigo huo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ndiye wa kuogopewa kuliko wote. Huyo hutiwa dripu pale tu hali inapolazimisha, na kwa uangalizi wa karibu sana.

Kuhusu potasiamu nitasema kwa ufupi. Mwili hauwezi kuishi bila ya madini hayo, na mgonjwa anayetapika siku nyingi hupungukiwa nayo. Lakini ikisukumwa kwa haraka katika mshipa husimamisha moyo. Ndiyo maana huzimuliwa vizuri, hutiwa polepole, na vichupa vyake havifai kuwekwa rafu moja na vya maji ya kuchanganyia dawa.

JAMAA KITANDANI

Katika wodi zetu muuguzi mmoja huweza kuwa na wagonjwa wengi usiku mzima, na pampu za kupima maji hazipo kila mahali. Wauguzi wenye uzoefu wana maarifa yao. Hubandika utepe wa plasta ubavuni mwa mfuko na kuuandika saa, ili mtu aone kwa jicho moja kama maji yametangulia au yamechelewa. Kwa watoto hutumia mrija wenye kichupa cha alama, kinachojazwa mililita 100 au 150 tu kwa wakati, hata kigurudumu kikilegea madhara yawe na mpaka.

Na wewe unayekaa na mgonjwa una kazi. Kigurudumu si chako. Hilo tumekwisha liona. Lakini macho ni yako. Mwite muuguzi ukiona mgonjwa anahema kuliko ulivyomkuta, anakohoa upya, kope zimevimba, au hatulii. Mwite ukiona mkono umevimba penye kanula, unauma au umekuwa mwekundu, ukiona matone yamesimama, au mfuko unakaribia kwisha. Angalia mkojo na utunze hesabu yake. Nepi iliyokaa kavu mchana kutwa ni habari ambayo daktari anaihitaji kuliko maua. Na mgonjwa akianza kunywa, sema, maana kikombe kinachokaa tumboni kinapunguza haja ya mfuko. Pia usimshinikize mganga atundike dripu kwa mtu anayeweza kunywa. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko India, maji ya mishipani yalipokwisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliwapa jamaa za wagonjwa maji ya chumvi na glukosi wawanyweshe kwa vikombe, na vifo vya kipindupindu vikapungua sana.

Niliporudi wodini kesho yake, nilimkuta shangazi amekaa kwenye kistuli, saa ya mkononi ya mdogo wake kaishika kiganjani, midomo inachezacheza. Nilidhani anasali. Aliponiona alininyooshea kidole ningoje. "Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne," alimaliza, kisha ndipo alipoitikia salamu yangu. Siku ya tatu mtoto alikunywa uji nusu kikombe bila kuutapika, na muuguzi akaja na pamba, akaifungua dripu.